Unene Nilioogopa Kuupoteza

Mjukuu wangu, andika ninavyosema, wala usiongeze chumvi.

Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni, wanangu waliniondoa shambani. Walikuwa wamepata kazi, wakanijengea nyumba ya mawe hapa Katangi, wakaajiri mtu wa kulima, wakasema nimechoka vya kutosha. Nilikubali. Nikawa naketi barazani tangu asubuhi, chai ya maziwa yenye sukari nyingi kando yangu, na chapati juu ya sahani. Nilinenepa. Kwetu, mama mnene ni ushahidi kwamba watoto wake hawakumtupa, na wapita njia walinisifu kwa sauti.

Ilikuwa pia miaka ambayo mtu akikonda, watu walishusha sauti. Tulizika wengi waliokonda, na ugonjwa wao haukutajwa makaburini. Kwa hiyo daktari wa Machakos aliponieleza kwamba nina sukari na presha, kwamba nipunguze mwili na nitembee, nilimeza dawa zake na kuuacha ushauri. Niliona afadhali kuugua nikiwa mnene kuliko kuhesabiwa miongoni mwa maiti nikiwa hai.

Kisha damu ikarudi. Ilikuwa imekoma kwa miaka sita. Nilimwambia jirani yangu, mwanamke wa rika langu, naye akajipiga kofi pajani.

"Aiya! Mwambie mzee atafute shati jipya. Utamzalia mwingine, wewe!"

"Mzee mwenyewe hata ngazi ya ghala hawezi kupanda."

"Ndiyo maana nasema umwambie mapema."

Tulicheka. Niliichukua damu ile kuwa dalili ya mwili ulioshiba, nikakaa nayo miezi minne. Binti yangu, yaani mama yako, ndiye aliyeviona vitambaa nilivyovifua, akanipeleka hospitali bila kuniomba ruhusa.

Daktari safari hii alikuwa mwanamke, mdogo kuliko binti yangu. Aliniuliza mambo ambayo hata mume wangu hakuwahi kuniuliza. Akasema damu ya mwanamke aliyekoma hedhi haipuuzwi, hata ikiwa tone, kwa sababu huenda ikawa saratani ya mfuko wa uzazi.

"Mimi nimezaa saba," nilimwambia. "Huo ni ugonjwa wa wasiozaa, au wa wanaotangatanga."

"Kuzaa kunapunguza hatari, susu, hakuiondoi," alisema, akiniita nyanya kwa Kikamba. "Na huu si ugonjwa wa kutangatanga. Unene unaongeza hatari. Sukari pia, na kukaa bila kuufanyisha mwili kazi. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa nipunguze mwili. Sikuambiwa kwamba ni kwa ajili ya mfuko wa uzazi."

"Ungeambiwa, ungepunguza?"

Nilimuuliza kama ugonjwa huu nilijiletea mwenyewe. Akasema hakuna awezaye kumwambia mtu mmoja hivyo.

Walichukua kipande kidogo cha nyama ya ndani, wakakipima, wakaikuta saratani. Nilitolewa mfuko wa uzazi Nairobi. Aliyenipasua alisema ugonjwa ulikuwa haujatoka nje ya mfuko, na kwamba si busara kuuliza ingekuwaje kama ningengoja zaidi. Nyumbani tuliwaambia watu kwamba nilitolewa uvimbe. Niliacha sukari katika chai, nikarudi shambani kwa miguu yangu. Mwaka haukuisha kabla gauni zangu hazijaanza kunining'inia.

Jirani yangu alikuja akiwa na uso mzito.

"Wanasema uko na ule ugonjwa. Kula, mwenzangu. Wanenepee, uwafunge midomo."

Nilifikiri siku mbili, na ninakiri kwamba siku ya kwanza nilikula chapati tatu. Siku ya tatu ilikuwa zamu ya mwethya, kikundi chetu cha wanawake wanaosaidiana kuchimba matuta. Niliegemea jembe, nikakitaja kwa jina kiungo nilichotolewa, jambo ambalo wanawake wa umri wangu hawalifanyi. Nikaeleza damu, unene na miezi minne niliyoicheka.

Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, mnene kama nilivyokuwa, aliuliza bila kuniangalia:

"Hiyo damu ilikuwa nyingi?"

"Kidogo tu. Ya kitambaa kimoja."

Aliendelea kuchimba. Jumatatu asubuhi nilimwona steji, amevaa viatu vya kanisani, akingoja gari la Machakos.