Mwanangu Atakuja Nikinyamaza

Mwenye kisa hiki ametuomba tulifiche jina lake na shamba anakoishi. Maneno tumeyaacha yalivyo.

Salamu kwenu nyote mnaosoma ukurasa huu. Mimi ni mzee. Umri wangu siujui sawasawa, lakini reli ilipofika Nakuru nilikuwa tayari nachunga mbuzi, kwa hivyo pigeni hesabu wenyewe. Shule sikwenda. Kusoma nilijifunzia kanisani, na barua hii naandika kwa mkono wangu, si wa karani.

Nakaa kwenye shamba la Mzungu huku juu, upande wa Molo. Kazi yangu ilikuwa kufundisha maksai kuvuta plau. Kutoka Njoro mpaka Olenguruone hakuna aliyenishinda. Mabwana wa mashamba walikuwa wakiniazima wao kwa wao. Maksai hata awe mkali wa kutoboa watu, nikimshika msimu mmoja anatembea kama bibi arusi.

Njia yangu ni moja. Maksai mchanga simpigi. Namfunga nira moja na maksai mzee anayejua kazi. Mzee akienda, mchanga anaenda. Akisimama, anasimama. Kazi inaingia mwilini yenyewe.

Basi kijana wangu alipopata nafasi ya sekondari, wa kwanza katika shamba lote, nilimpa ushauri huo huo. Nilimwambia, "Tafuta mwenzako mkubwa kuliko wewe, hodari wa vitabu. Jifunge naye. Akisoma, soma. Akilala, lala." Kijana alinitii. Alimpata mmoja mwenye ndevu kabisa, maana wengi huko walianza shule wakiwa watu wazima. Likizo alirudi akicheka, "Baba, hesabu zote tunapata sawasawa na yeye." Nilijisifu mpaka watu wakawa wakiniona wanageuza njia.

Halafu yule mwenye ndevu alifiwa na baba yake, akaenda kwao, hakurudi tena. Kijana wangu akabaki peke yake mpaka mtihani wa mwisho. Akaanguka.

Aliporudi na majibu, alinikuta nje nikinywa chai na majirani. Nikamuuliza, "Imekuwaje, na wewe ulikuwa unapata zote?"

Akasema polepole, "Baba, sikuwa navuta. Nilikuwa natembea tu kando yake. Mzigo ulikuwa wake."

Jirani mmoja akakohoa kuficha kicheko. Kikohozi hicho ndicho kilichonipandisha hasira. Nikasema, wote wakisikia, "Maksai asiyevuta dawa yake ni bucha."

Aliinua sanduku lake la bati, hata halijafunguliwa, akashuka kwenda barabarani. Chakula alichopakuliwa na mama yake kilipoa pale mezani.

Sasa ni taniboi wa lori, msaidizi wa dereva, na makao yake ni Mai Mahiu. Lori hilo hupanda mlima wa Sachangwan, karibu na kwetu, likiwa na mizigo. Mama yake husimama kando ya barabara na viazi na maziwa, wakaongea kidogo. Mimi hujifanya nina kazi. Lakini mlio wa injini hiyo naujua hata nikiwa ndani, na nalisikiliza mpaka limalize mlima.

Mwaka huu binti yetu mdogo naye ameitwa sekondari. Kaka yake ametuma neno kwa mama: "Nitakuja kumsindikiza, sanduku nitambebea mimi. Lakini mzee asimpe ushauri wa ng'ombe. Akianza tu, narudi kwenye lori."

Mimi ninyamazishwe kwangu? Nilimwambia mama yao hivyo. Akanijibu, "Mzee, umesema tangu nikujue. Siku moja tu mdomo upumzike."

Jana binti alinikuta napaka mafuta nira yangu, ambayo haina kazi tangu trekta ije. Akakaa karibu. "Baba, yule maksai mzee, ulikuwa unamtoa lini?"

Nilijibu bila kufikiri, maana hiyo ni kazi yangu. "Mapema. Mchanga akishajua njia, kabla hajazoea kuegemea. Unamwacha avute peke yake kipande kidogo, hata mtaro wa plau ukipinda. Ukichelewa, umemharibu."

Akaniangalia. "Kaka ulimwambia hivyo?"

Niliendelea kupaka mafuta mahali nilipokwisha kupaka.

Ninyi vijana mnaoingia sekondari, nisikilizeni mimi nisiyesoma. Kaeni na anayewazidi, mwulizeni, mwigeni, msione haya. Lakini hesabu aliyokuonyesha leo, kesho irudie mwenyewe, yeye asiwepo, hata ukikosa yote. Mtaro uliopinda ni wako. Bado nasema njia yangu ni nzuri, na atakayenibishia aje. Ila kijana wangu nilimpa nusu, halafu nikamtukana kwa nusu niliyobaki nayo mimi.

Shule zinakaribia kufunguliwa. Nikinyamaza, mwanangu atafika mpaka mlangoni, nitamwona uso, lakini atarudi Mai Mahiu akidhani ni yeye aliyeshindwa. Nikisema, akisikia tu neno maksai atageuka kabla sijafika kwenye lile lenyewe. Na mimi maneno mengine sina, nimeishi na ng'ombe. Ninyi mliosoma, nisaidieni kwa hili moja: nianze na neno gani?