Taimingi ya Sikio

Mume wangu ni fundi wa magari ya zamani, yale ambayo mafundi wanaopima kwa kompyuta wakiyaona wanacheka na kukupa kisogo. Gereji yake ni uwanja wetu wa mbele, bati chache juu ya nguzo za mbao. Mimi nakaa barazani na cherehani yangu nikishona sare za shule. Tumezeeka hivyo, yeye na makelele yake, mimi na yangu. "Mama watoto, hebu simamisha hicho kinu chako, nasikiliza injini!" Hivyo ndivyo alivyokuwa akinifokea miaka nenda rudi, nami nainua mguu kwenye kanyagio huku nikimsonya kimoyomoyo.

Wenzake wanapanga moto wa injini, taimingi wanavyoiita, kwa taa maalumu. Yeye hakuitaka. Alikuwa akilegeza bolti, anaizungusha distribyuta kidogo kidogo, kichwa kimeinama, macho kayafumba, mpaka injini iseme anavyotaka. Hapo anakaza, kwisha kazi. "Taa ni ya viziwi," alikuwa akiwatania, na wenyewe wanacheka kwa sababu walijua hawamwezi.

Halafu akaacha kunigombeza juu ya cherehani. Mjinga mimi, nikafurahi! Nikadhani uzee umemlainisha. Kumbe hasikii. Nikimwita kula, kimya. Nikimwambia mvua inakuja, anua nguo, ananijibu kwamba ameshakunywa chai. Mwanzoni niliona ni ujeuri tu, maana mwanamume akishazoea sauti ya mkewe anajua kutia pamba masikioni. Nilipombana sana akakiri kwamba sikio moja limechoka. "Lakini hili jingine lipo," akasema, "na usimwambie mtu." Nimwambie nani? Wateja walikuwa wameanza kuondoka wenyewe, mmoja mmoja, bila kuaga. Gari likitoka kwetu leo linarudi kesho. Mwisho akabaki mkunga peke yake.

Huyu mkunga anazunguka nyumba kwa nyumba kuwazalisha wanawake, na gari lake ni kongwe kuliko wengi wa watoto aliowapokea. Alikuja asubuhi amechoka hoi, macho mekundu, hakulala.

"Fundi, likipata joto linazima," akasema. "Linakohoa, linapiga mabomu huko nyuma, halafu linanifia njiani. Safari hii nimefika mtoto ameshatoka, mama wa watu yuko peke yake sakafuni. Likikushinda nalipeleka kwa wale mafundi wa barabara kuu. Sipendi, fundi, lakini uchungu haumsubiri mtu."

Mume wangu alikuwa anamtazama mdomoni. "Wale hata boneti yake hawajui inafunguliwa wapi," akajibu. "Kaa hapo kwa mama watoto upumzike."

Mkunga akajilaza kwenye mkeka wangu, usingizi ukamchukua na viatu vyake miguuni. Mimi nikabaki na sindano mkononi, roho juu. Mkunga akiondoka, gereji imekufa. Na mume wangu bila gereji namjua, atakaa kitandani akiangalia ukuta mpaka ukuta umchoke. Niliogopa, sioni aibu kusema.

Kufungua hakumshindi. Alizungusha injini kwa spana mpaka pistoni ya kwanza ikafika juu, akapiga alama ya chaki pale ambapo rota, ule ulimi unaozunguka ndani ya distribyuta, ilielekea, akaichomoa distribyuta yote. Ndiyo inayogawa moto kwa kila plagi kwa zamu yake. Kifuniko chake kilikuwa na ufa mweusi ndani, na shafti, mhimili wake wa katikati, ilicheza kama jino bovu. Alikuwa na nyingine aliyoitoa kwenye gari lililokufa. Akaisafisha, akaitumbukiza, rota ikarudi kwenye chaki, nyaya za plagi kila moja mahali pake. Mpaka hapo hakuna fundi angemkosoa.

Kisha akawasha, akainama, akafumba macho, akaizungusha. Akakaza.

Nilisikia tokea barazani kwamba sauti siyo ile. Mkunga akaamka, akaliondoa gari kwa furaha, na kabla sijamaliza upindo wa kaptula moja akawa amerudi.

"Fundi, kwenye mlima linagonga! Utasema misumari ndani ya kopo!"

"Petroli mbaya hiyo," akajibu mume wangu.

"Petroli gani, na ndiyo ileile ya siku zote?"

Mkunga akarudi mkekani, akaegemea ukuta, simu mapajani akisubiri kuitwa. Mume wangu akaanza upya. Akatoa plagi zote, akazipiga brashi, akazirudisha. Akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Akachomoa distribyuta, akatazama chaki, akairudisha palepale ilipokuwa. Jua likamhamia mgongoni. Mwishowe akakaa juu ya tairi, mikono imening'inia, jasho linamchuruzika kidevuni, wala hajifuti. Sijawahi kumwona hivyo. Hata baba yake alipokufa hakukaa hivyo.

Jamani, hasira ilinipanda, na huruma vilevile, hata sijui kipi kilitangulia. Nikaiacha kazi, nikaenda kusimama mbele yake anione.

"Baba watoto, umeizungusha kupita kiasi. Moto unawahi."

"Wewe tangu lini fundi?"

"Tangu uliponioa! Sauti ya injini iliyokuridhisha naijua, nimeilaani maisha yangu yote. Hii siyo."

Nikangoja matusi. Hayakuja. Akatazama kule alipo mkunga kuhakikisha kwamba haangalii huku, akainuka kwa kujisukuma magotini.

"Haya," akasema chinichini. "Nisikilizie."

Akawasha, akalegeza bolti. Mimi nikasimama upande wa pili wa boneti na kupandisha mkono. Mkono ukishuka, anarudisha nyuma. Ukisimama, anangoja. Injini ikanguruma vibaya, ikakohoa, ikatetemeka, nikashusha mkono zaidi. Kidogo. Kidogo tena. Mara ikatulia, ikaanza kwenda na ile sauti ya zamani iliyokuwa ikinikatizia kazi yangu. Nikafunga ngumi. Akakaza bolti huku ananitazama usoni.

Mkunga akalipeleka mlimani tena. Aliporudi aliingiza gari mpaka chini ya bati, akashuka akiliacha linanguruma, mikono hewani.

"Fundi wangu! Limepanda bila kulalamika! Nani kama wewe?"

Mume wangu alikuwa amewapa mgongo mkunga na gari, anasugua mikono kwa sabuni kwenye karai. Hakugeuka. Nikamgusa bega. Akamwona mkunga, akaona gari limesimama, akashtuka, na uso ukamshuka wote. Akaninong'oneza, ingawa yeye mwenyewe hakujua tena kunong'ona kukoje na sauti ikatoka kubwa:

"Limezima tena?"

Injini ilikuwa hatua mbili kutoka kwake, inanguruma hata mabati yanaitikia. Mkunga akanitazama. Nami nikaelewa kwamba hakuna sikio lililobaki, kwamba amekuwa akinidanganya, na kwamba kila siku aliniacha nigombane na mtu asiyesikia hata neno moja.

Nikauchukua mkono wake, bado una mapovu, nikauweka juu ya boneti. Akakaa nao pale muda, kichwa ameinamisha, macho ameyafumba.

"Linakwenda vizuri?" akaniuliza.

Nikangoja afumbue macho ndipo nijibu, ili auone mdomo wangu.

"Vizuri sana, baba watoto."