Kundi la Damu la Mama Yangu

Haki ya nani, mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Ilikuwa miaka ile hospitali za watu binafsi zilipoanza kufunguliwa Dodoma, kila mwenye mtaji na daktari mmoja anatundika kibao. Mimi nilikuwa maabara katika mojawapo. Mwenye hospitali akaleta kompyuta, moja tu, na fundi kijana kutoka Dar akatutengenezea programu yenye madirisha mawili: la mapokezi, la kuandika jina la mgonjwa, na la maabara, la kuandika majibu yake. Unabonyeza kitufe, unatoka hili unaingia lile. Mwenzangu wa maabara ndiye aliyeishika. Tulijiona tumefika.

Siku hiyo mgonjwa alikuwa mama yangu. Walimleta kutoka Kondoa na uvimbe tumboni, kadhoofika, damu imemwishia, na daktari akataka apasuliwe mchana ule ule, mradi damu ya kumwongezea ipatikane. Wagonjwa wengine wakampisha, mwenzangu akamwandikisha. Nikamtoa damu mwenyewe, nikakifunga kichupa kwa plasta, nikakiweka mezani, nikampeleka mama wodini. Niliporudi maabara, mwenzangu ameitwa nje, kompyuta inawaka. Juu, jina la mama. Chini yake, kundi la damu: AB.

Lahaula! Mimi ni kundi O. Nilijipima tangu nikiwa chuoni, na nilijirudia mara ngapi sijui. Na mama wa AB hazai mtoto wa O, hilo tulilikariri darasani: mtoto wake lazima achukue A au B kutoka kwake. Nikasoma tena lile jina.

Mwenye akili zake angetulia kwanza. Mimi jazba zangu ziko karibu, kila mtu anajua. Nikarudi wodini kama nimetumwa, nikasimama mbele ya kitanda.

"Mama, ni wewe uliyenizaa?"

Nilitaka acheke. Nilitaka aniambie, wewe mtoto una wazimu, umeanza lini? Akanitazama, midomo imemkauka.

"Nani kakwambia?"

Jamani! Sikuweza hata kukaa. Akasema aliyenizaa ni mdogo wake, akafariki mimi sijaota hata jino, na yeye akanichukua nikiwa kwenye khanga. "Nilisema nitakwambia ukikua," akasema. "Ukakua, nikaogopa." Nikatoka nje. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na ukoo mzima, maana walijua wote, na katika harusi na misiba yote ile hakuna aliyethubutu kufungua mdomo.

Daktari akanikuta hapo, ameshasoma majibu kwenye kompyuta. "Damu ya AB ipo. Fanya haraka, mgonjwa anaishiwa."

Na sasa sikuwa na cha kubisha. Kama hakunizaa, basi AB inawezekana kabisa. Nikajifuta machozi, nikaenda kuchukua kichupa chake nilinganishe na ile damu. Plasta yangu ilikuwa palepale, haijaguswa.

"Mbona hujaifungua?" nikamuuliza mwenzangu, ambaye alikuwa amesharudi.

"Ya mama? Bado sijampima. Nilikuwa naandika majibu ya dereva wa lori, mama akaingia. Ningemwachaje mtu mzima amesimama? Nikamwacha dereva katikati, nikaandika jina la mama."

Mungu wangu! AB ilikuwa ya dereva. Nikampima mama, nikarudia: A. Damu ile ya AB ingemuua, naye angekufa mikononi mwangu. Daktari akatafuta ya A, ikapatikana.

Nikampigia fundi simu, nikamfokea mpaka wauguzi wakatoka kuchungulia. Akajitetea kwamba dirisha la mapokezi hulipelekea la maabara jina tu, na majibu hujifuta mgonjwa akishamalizika. "Sasa nani anamwacha mtu katikati?" akaniuliza.

"Kwenu mzee akiingia hapishwi? Umelelewa wapi wewe?"

Alikuja akarekebisha. Jina likibadilika upande wa mapokezi, upande wa maabara unapashwa habari na kufuta kila kitu kabla haujalipokea jina jipya. Kazi ya asubuhi moja tu, ndiyo iliyoniuma zaidi.

Mama alipona. Alipoanza kunywa uji akaniuliza ile kompyuta ilisema nini hasa, mpaka nikajua.

"Haikusema kitu, mama. Ilikosea. Damu yako ni A. Kwa damu hiyo ungeweza kabisa kuwa umenizaa."

Akaweka kikombe chini.

"Kumbe ningenyamaza," akasema, akageuzia uso ukutani.