Kiti cha Mzee Komba

Nawaambia nyie kwanza, maana nyumbani Kinyerezi bado najifanya uchaguzi uliahirishwa.

Katika chama chetu cha wapima ardhi, mwenyekiti Mzee Komba alikuwa akipita kila uchaguzi bila kupingwa. Mie nikapigania tubadili kanuni: hata mgombea akiwa peke yake, apigiwe kura za ndiyo na hapana. Sikuwa na nia mbaya, nilikitaka tu kiti chake. Wanachama wakaipitisha kwa makofi, nami nikayapokea kama yangu.

Siku ya uchaguzi, ukumbini Boko, mzee akasimama akasema amechoka, anajitoa. Nikabaki mgombea peke yangu. Wakati kura zinahesabiwa nikaenda kukaa kwenye kiti chake, nikarekebisha tai, nikaanza hata kuwapungia watu mkono.

Msimamizi akasoma matokeo. Hapana zilikuwa nyingi mno.

Nikamgeukia Mzee Komba. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kanuni yako nzuri sana."

Msimamizi akaniinamia sikioni. "Braza, naomba upishe kiti."

Nikapisha. Hakuna aliyekuja kukikalia.