Siri Iliyoandikwa Sahanini

Watoto wengi wa mtaa wa reli, pale Kindu, wamevaa sketi na suruali zilizotoka mikononi mwa Safia binti Asumani. Akimtazama mtoto tu, anajua kiuno chake. Ndiyo maana yeye ndiye aliyeona kwanza kwamba Aziza, binti yake wa pekee, anaisha. Mwaka ule aliipunguza sketi ya mtoto huyo mara mbili, na bado ilimzunguka.

Aziza alikuwa na miaka kumi na saba. Mama na mtoto walikula sahani moja, wakalala chumba kimoja, hata wasichana wa shule wakamtania kwamba mama yake ndiye mchumba wake. Safia alijivunia utani huo. Alikuwa na sababu zake.

Mwaka wa tisini na nane, waasi walipoukaribia mji, baba yake, Mzee Asumani, alimpakia kwenye baiskeli akiwa na miaka tisa, wakaenda Kibombo.

“Tunaenda kumusalimia shangazi yako,” alisema. “Kesho kutwa tunarudi.”

Asubuhi Safia alitumwa maji. Aliporudi na ndoo kichwani, baiskeli haikuwepo. Miaka mitano alipalilia mpunga wa shangazi. Vita vilipotulia mzee akaja, nywele nyeupe, akamkuta binti anayemwamkia kama mgeni.

“Ningekuambia, ungelia,” alijitetea.

Safia alimpikia, akamfulia, lakini neno la moyoni hakumpa tena mpaka alipomzika. Naye alipomzaa Aziza aliapa kwamba huyu hatadanganywa.

Alasiri moja ya mvua, Aziza akichomoa nyuzi kwenye pindo, alisema bila kuinua uso, “Mama, siku zingine naona heri nisiamuke tena.”

Mashine ya kushonea ya Safia ikasimama.

“Nani amekufanya nini?”

“Hakuna muntu. Nimechoka tu. Hata chakula sisikii utamu.” Akakata uzi kwa meno. “Usimwambie muntu.”

“Haitatoka hapa, mama.”

Safia aliposema hivyo alimaanisha. Lakini siku mbili baadaye alisikia kwamba Aziza amewagawia wenzake madaftari na kalamu zake zote, kama mtu anayehama, na hofu ikamkamata. Angeweza kumuuliza mtoto. Badala yake alijifunga kitenge akaenda kwa Mwalimu Ayoubu, anayewaandikia watu kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji, na mgonjwa anayanywa.

Mwalimu hakushika kalamu upesi. “Mama Aziza, sema ugonjwa wenyewe. Siwezi kumuandikia muntu wa moyo kombe ya tumbo.”

Safia akasema yote. Nyuma ya mkeka uliotundikwa mlangoni, Mamy, mke wa mwalimu, alikuwa akichambua mchele, na kwa muda mikono yake ikanyamaza.

Asubuhi tatu Safia aliyatia maji yale kwenye chai ya mtoto. Alijiambia kwamba hakudanganya, amenyamaza tu.

Siku ya nne Aziza alirudi kutoka bombani na bidoni yake ya maji tupu.

“Wameniuliza kama ile maji ya sahani inanisaidia,” alisema. “Mwingine akasema, kama unaenda kujiua, utuachie ile viatu yako. Wote wakacheka.”

“Nani amesema hivyo?”

“Mama, chai ilikuwa na zafarani?”

Safia akatazama mashine yake. “Ilikuwa maneno ya Mungu.”

“Sijamukataa Mungu. Mimi nilikuambia wewe. Si mwalimu, si Mamy, si bomba muzima.”

“Nilifanya juu ya kukupenda.”

“Hata babu alikupenda.”

Hadithi ya baiskeli Safia alikuwa amemsimulia mwenyewe, ili mtoto ajue jinsi anavyothaminiwa.

Jioni alikwenda kumkabili Mamy. Mamy alifuta mikono, akashangaa. “Niliwaambia wanawake wa bombani wamuombee tu, dada. Kwa uzuri.” Safia alirudi akiwa na hasira isiyo na pa kuangukia, maana sababu hiyo hiyo, kwa uzuri, ilikuwa yake pia.

Aziza akaanza kula kwenye sahani yake peke yake. Alijibu alipoulizwa, akafagia, akasema ahsante. Siku nzima Safia alishona akihesabu hatua za mtoto uani. Maneno ya alasiri ile yalikuwa yamemtisha, lakini sasa aliyatamani, kwa kuwa aliyeyasema alikuwa bado anamwamini. Siku ya sita akaacha kazi, akaketi chini mbele yake.

“Aziza, bado unawaza kufa?”

Msichana aliinua uso. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo waziwazi.

“Ndiyo. Lakini wewe sitakuelezea tena.”

“Usinielezee. Utamuelezea nani?”

“Jeanine.”

Jeanine alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke aliyetoka Butembo, asiye na ndugu mtaani. Safia aliumia kwamba mgeni ndiye aliyechaguliwa. Akavaa viatu. “Twende sasa hivi.”

Kituoni Jeanine alimkaribisha Aziza, kisha akasimama mlangoni. “Mama, ungoje inje.”

“Mimi njo mama yake.”

“Najua. Ungoje inje.”

Mlango ukafungwa. Safia alikaa kwenye benchi kati ya wanawake wenye watoto wachanga. Alisikia sauti ya binti yake ikisema mfululizo, maneno mengi kuliko ya mwezi mzima nyumbani, wala neno moja hakulishika. Benchi lilikuwa karibu na dirisha. Akahamia la mbali.

Walipotoka, Jeanine alimwambia, “Usimuache peke yake siku hizi. Arudi Jumatano.”

“Amesema nini?”

“Kilichosemwa mule kimebaki mule.”

Njiani Aziza alitangulia hatua chache. Safia hakumfikia, wala hakumwacha mbali.

“Jumatano nije?” aliuliza.

“Uje,” Aziza alisema bila kugeuka. “Ukae inje.”