Mistari Miwili Mlimani

Watu walimwita Sindano. Kwanza kwa sababu ya cherehani iliyokaa dirishani kwake, na pili kwa sababu ya ulimi wake, ambao mteja yeyote aliyemharakisha aliuonja bila kuuomba. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye pupa, anayeongea huku pini ziko mdomoni, na mumewe, mpaka rangi mpole, alishazoea kuelewa nusu tu ya anayoambiwa.

Dada yake, ambaye alikuwa mkunga, aliishi upande wa pili wa mlima pamoja na mama yao mzee. Ukiutazama mlima kutoka uani kwa Sindano, ungesema upande wa pili ni pale tu. Lakini barabara iliuzunguka mlima wote, ikapita viwandani, ikasimama kila kituo, na mtu alifika akiwa hoi. Kwa hiyo Sindano alimwona mama yake mara chache sana. Waliongea kwa simu, na mama hakuipenda simu; alisema sauti ya mwanawe inatoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe.

Mambo yalianza daktari alipomwambia mkunga atembee kila siku kwa ajili ya presha. Mkunga hakutaka kuteseka peke yake, akamwingiza mdogo wake kwenye mashindano. Kila mmoja aliweka kwenye simu programu inayorekodi njia kwa GPS: unatembea, simu inaacha nukta nyuma yako, na nukta zikiungana zinakuwa mstari kwenye ramani. Jioni walitumiana mistari yao, na aliyetembea zaidi alikuwa na haki ya kumcheka mwenzake mpaka kesho yake.

Haukupita muda, ugomvi ukazuka.

"Mdogo wangu," mkunga alisema kwenye simu, "hapa naona ulikuwa unakwenda kasi ya lori. Umeota magurudumu?"

Sindano akaangalia. Kumbe alisahau kuzima, akapanda gari kwenda kununua vitambaa, na simu ikarekodi safari nzima kana kwamba ameikimbia.

"Sikuiba, dada! Nilisahau!"

"Wezi wote husahau. Kata hicho kipande, la sivyo nakutoa mashindanoni."

Kompyuta ilikuwepo. Binti wa Sindano aliiacha alipoolewa, na tangu hapo kazi yake kubwa ilikuwa kubeba chombo cha maua. Sindano akaondoa maua, akapuliza vumbi, akampigia binti yake amwelekeze namna ya kuweka programu ya kuhariri njia.

"Bofya mara mbili, mama."

"Nimebofya."

"Mama, hiyo nasikia unaigonga. Bofya taratibu."

Hatimaye mstari mwekundu ukafunguka juu ya ramani, na Sindano akasahau kabisa kilichomleta. Alijiona! Hapa ndipo aliposimama kupiga soga na muuza mboga, nukta zimerundikana kama siafu kwenye sukari. Hapa simu ilipotezana na setilaiti za angani katikati ya majengo marefu, na mstari ukaruka juu ya mapaa kana kwamba mwenyewe alipaa. Akazifuta nukta za uongo moja moja. Akakata kipande cha garini. Akaunganisha ncha mbili zilizobaki, akarudi nyuma kidogo kwenye kiti, akatazama kazi yake kwa jicho lile lile analokagulia pindo.

"Njoo uone!" alimwita mumewe. "Nimejisafisha jina!"

Tangu siku hiyo hakukamatika. Wateja walimkuta kwenye kompyuta, utepe wa kupimia shingoni, akisafisha matembezi ya jana. Mumewe alimuuliza siku moja kama nguo za watu zitajishona zenyewe. Akamjibu kwa pini mdomoni, na kwa bahati nzuri mume hakuelewa.

Jumamosi moja mchana, mpaka rangi akiwa juu ya ngazi anapaka ukuta wa uani, Sindano aliamua kuweka matembezi yote kwenye ramani moja: yake mekundu, ya dada yake ya bluu. Akafungua faili moja baada ya jingine. Mekundu yalitapakaa upande huu wa mlima, ya bluu upande ule, kama familia mbili zilizonuniana. Ila mstari mmoja mwekundu ulipanda juu kabisa. Hiyo ilikuwa siku aliyofuata kijia cha wakata kuni mpaka miiba ikamrudisha. Na mmoja wa bluu ulipanda kutoka upande wa pili, ukakomea kichakani karibu na chemchemi.

Akakuza ramani. Akakuza tena. Ncha mbili zilikuwa karibu kugusana.

Akabofya kuziunganisha. Kompyuta ikachora kistari kifupi katikati, na kando ikaandika urefu wa njia yote, kutoka mlango wake hadi mlango wa mama yake. Sindano alisoma, akafuta miwani, akasoma tena. Halafu akapiga ukelele.

Mumewe alishuka ngazi mbio, brashi ingali inachuruzika. "Nyoka yuko wapi?"

"Nyoka gani! Mama yuko hapo! Hapo nyuma! Tumezunguka mlima miaka yote hii kama wendawazimu!"

Mkunga, alipopigiwa, hakuamini. "Simu yako imelewa. Pale ni msitu."

"Basi kesho asubuhi wewe panda mpaka mwisho wa mstari wako, mimi nipande mpaka mwisho wa wangu. Tusipoonana, nikushonee gauni."

"Lenye mikono mirefu," alisema mkunga.

Asubuhi Sindano alipanda mbele, mumewe nyuma na panga la kufyekea miiba. Alikwenda karibu kukimbia, simu mkononi, akitangaza umbali uliobaki kila wanaposogea. Wakapenya kwenye miiba. Mara mume akamdaka bega na kumvuta nyuma.

Mbele yao ardhi iliisha. Korongo lilikuwa limefunikwa na majani, kuta zake zimesimama wima, na chini kabisa maji yalisikika yakipita juu ya mawe. Kile kistari kilichonyooka vizuri kwenye kompyuta kilipita hewani. Sindano akakaa chini palepale.

Ndipo sauti ikatoka ng'ambo. "Sindano! Ni wewe unayevunja msitu hivyo?"

"Dada! Usisogee! Simama hapo hapo!"

Wakaonana kati ya majani: mkunga na kofia yake kubwa, anapunga mikono yote miwili. Walikuwa karibu kiasi cha kurushiana chungwa, na hapakuwa na pa kuvukia. Wakaanza kucheka na kupayuka kwa pamoja, hakuna anayemsikia mwenzake.

"Shemeji!" mpaka rangi aliita. "Huko juu upande wako pakoje?"

"Panabana!"

Wakapanda, kila mmoja ukingoni kwake, wakiitana. Kadiri walivyopanda, korongo lilizidi kuwa jembamba na la kina kifupi, mpaka wakafika pahali ambapo ni mkondo tu unaopita juu ya mwamba mpana. Sindano hakuvua hata viatu. Alivuka akirusha maji, akamkumbatia dada yake kwa nguvu hata kofia ikaanguka ikachukuliwa na mkondo.

"Ile ilikuwa kofia mpya," mkunga alisema, lakini hakumwachia.

Waliteremka wote watatu hadi chemchemi, kisha nyumbani. Mama alikuwa ameketi barazani. Alipomwona mtoto wake wa pili akitokea kichakani, matope hadi magotini, alishika kifua.

"Jamani, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Nimekuja tu."

"Umekuja tu?"

"Kwa miguu."

Mama akamtazama kuanzia matope hadi usoni, akamshika mkono, na hakuuachia mpaka chakula kilipoiva.

Sindano aliporudi alifuta kile kistari cha hewani na kuweka mahali pake mzunguko wa kweli unaopita kwenye mwamba, kisha akamtumia dada yake. Siku hizi huenda kila wiki, mara nyingine mara mbili. Mama amezoea, majirani wa kule nao wamezoea, na kila akifika hukuta furushi la suruali zao zilizochanika likimngoja barazani azishone.