Kutoka Adui Hadi Afande

Juzi goti lilinipeleka kwenye chumba cha mazoezi ya viungo cha hospitali, hapa Gisenyi. Mbele ya benchi letu la kungojea zamu alikuwa askari mstaafu aliyeumia ubongo vitani, ambaye siku hizi anafundishwa upya majina ya vitu na watu. Mtaalamu alimwonyesha kijiko, mzee akakitaja. Akamwonyesha ndoo, akaitaja. Kisha mtaalamu akamwelekezea kidole mke wa mzee, aliyeketi pembeni.

“Mzee, na huyu ni nani?”

Mzee alimkazia macho, akasimama wima, akapiga saluti.

“Afande.”

Benchi zima tukacheka. Mke hakucheka. Alisimama, akairudisha ile saluti taratibu, akamshika mumewe mkono na kumketisha. Ndipo akatugeukia.

“Bon, mucheke tu. Mbele ya kuanza haya mazoezi alikuwa ananiita adui. Mi nilikuwa nalala kwa jirani.”

Nimekula pilau nyingi za watu waliopandishwa cheo. Huyu mama alipanda kutoka adui hadi afande mbele ya macho yetu, tukamcheka. Cheo cha mke bado anakingoja.